Bi Ngoja, Aliyetengeneza Mvinyo Bila Kuutia Kitu (1957–2023)

Aliyelala mbele yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Ngoja, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya vyumba vitatu. Baba yake alikuwa fundi wa malori na mama yake mshonaji. Alikuwa mtoto wa kwanza. Baada yake mama alipoteza mimba tatu, kisha mwaka 1968 akajaliwa wa pili na wa mwisho, fundi umeme, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Kwa miaka kumi na moja waliyopishana, dada alimbeba mdogo wake mgongoni, akamfunga kamba za viatu, na akamchapa alipostahili. Mdogo mtu anakiri kwamba alistahili mara nyingi.

Pua yake ilianza kazi mapema. Nguo za wateja wa mama zilipochanganyika, mtoto huyu alizinusa moja moja na kusema hii ya nani na ile ya nani, wala hakukosea. Siku moja alinusa shati la baba mbele ya wageni, akatangaza kwamba baba hakuwa zamu jana yake, alikuwa baa. Wageni walicheka hadi mbavu zikauma. Mama ndiye hakucheka, na kuanzia siku hiyo baba alikuwa akilitundika shati lake nje kwanza ndipo aingie ndani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, sekondari hadi 1974, kisha akachaguliwa kwenda chuo cha ufundi kusomea kemia ya vyakula, alikomaliza Novemba 1977 akiwa wa pili darasani. Likizo moja alirudi na chupa ya kioo, akatia unga na maji, basi, hakuongeza kingine chochote, akaiweka dirishani. Siku ya nne unga ule ulikuwa unatoa mapovu. Mdogo wake, mwenye miaka minane, aliapa kuwa mna mnyama ndani. “Wamo wengi tu,” dada alimwambia. “Chachu iko kila mahali, hata hapo mkononi mwako. Wewe ipe chakula, halafu usiiguse.” Mtoto alinawa mikono mara tatu kabla ya kulala.

Januari 1978 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda kikubwa cha mvinyo, akapewa koti jeupe na ufunguo wa kabati la dawa. Kazi yake ilikuwa hivi. Zabibu zikifika, zinatiwa salfa ili ife ile chachu zilizokuja nayo shambani kwenye maganda. Kisha inatiwa chachu nyingine, ya pakiti. Ukali ukipungua unaongezwa, rangi ikififia inakolezwa, na mwisho mvinyo unachujwa mpaka unang'aa. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na mmoja bila barua hata moja ya onyo. Mwaka 1990 bosi wake alipanga meza, akamimina mvinyo wa mwaka juzi na wa mwaka jana, akawataka wakuu wote waonje na kutaja upi ni upi. Hakuna aliyeweza. Bosi akapiga makofi, ukumbi mzima ukapiga makofi. Dada alirudi nyumbani akasukuma sahani pembeni. “Zabibu za mwaka ule zilinyeshewa wiki tatu,” alimweleza mdogo wake aliyekuwa amekuja kula. “Za mwaka uliofuata zilipigwa na jua mpaka zikasinyaa. Sisi tumezifanya zifanane. Zimepita mikononi mwetu hazikuruhusiwa kusema neno.” Mdogo wake alisikitika kama ndugu anavyopaswa kusikitika, kisha akaivuta ile sahani akaimaliza.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1980 na fundi viatu, mtu ambaye maneno yake ya mwezi mzima yanaenea kiganjani. Dada alikuwa amempelekea viatu kushonwa kisigino, kazi ya nusu saa. Fundi alimwambia arudi kesho, na kesho yake akamwambia arudi kesho tena, na ikawa hivyo wiki tatu. Dada alipofoka, fundi alivitoa viatu chini ya meza vikiwa vimeshonwa na kung'arishwa tangu siku ya kwanza. “Ningekupa, usingerudi,” akasema. Mwenyezi Mungu aliwajalia binti mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa chekechea, na nyumba yao haikuwa na kelele ila za nyundo.

Machi 1999 aliurudisha ufunguo wa kabati, akapanga stoo iliyokuwa ya rangi, ukuta mmoja na gereji ya magari, na kuanza kutengeneza mvinyo wa asili. Wengi mmekuwa mkiuliza maana yake, na yeye hayupo tena wa kujibu, kwa hiyo mdogo wake atajaribu. Alinunua zabibu kwa mkulima mmoja asiyepulizia dawa. Alizikanyaga kwa miguu iliyosuguliwa, akaziacha na maganda yake katika tangi lililo wazi. Chachu iliyokuja na maganda inaanza kula sukari ya zabibu, inatoa kilevi na inatoa hewa. Hewa hiyo huyapandisha maganda juu, naye aliyashindilia chini kwa ubao, asubuhi na jioni. Aliingia stoo na mshumaa uliowashwa, kwa sababu hewa ile haina harufu na inaua; mshumaa ukizimika, unatoka mbio. Baada ya siku kumi hivi alikamua, akaujaza mvinyo kwenye pipa la mbao hadi mdomoni ili hewa ya nje isipate nafasi. Hakuutia salfa, hakuutia chachu ya pakiti, hakuchuja. Sukari ikiisha, mvinyo umekamilika.

“Sasa kazi yako hasa ni ipi?” mdogo wake alimuuliza mwaka huo wa kwanza.

“Kungoja.”

“Kungoja si kazi, dada.”

“Jaribu.”

Mvinyo wa mwaka 2000 uligeuka siki wote, lita mia sita. Aliugawa mtaani, watu wakasafishia madirisha, na kwa miezi kadhaa hapakuwa na mtaa wenye madirisha safi kama ule. Wa mwaka 2001 ulitoka mzuri lakini una ukungu, wateja wakarudisha chupa wakisema mna tope. “Hilo tope ndilo lililofanya kazi,” aliwajibu, “nyie mnataka kulifukuza siku ya sherehe.” Mwaka 2004 mdogo wake, ambaye haonji mvinyo ila harusini, alimng'ang'ania ampe chupa za kupeleka ukweni. Dada alisema sukari haijaisha, angoje. Hakungoja, akaziiba nne. Zikaendelea kuchachuka kabatini kwa wakwe, na Jumapili moja wakati wa chakula zikapasuka zote kwa mpigo. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alijitupa chini ya meza akidhani wamevamiwa.

Kila aliyefika stoo kuuliza kama mvinyo uko tayari alijibiwa neno moja, na neno hilo ndilo likawa jina lake. Ila asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Aliwahi kumfukuza mnunuzi mwenye suti kwa kuweka sigara juu ya pipa. Na alikuwa na tabia moja ambayo wengi hamkuijua: alilaza sikio kwenye tundu la pipa na kusikiliza. Mvinyo unaochachuka unatoa mlio mdogo, kama wali unaokaribia kukauka maji jikoni. Yeye aliujua mlio wa siku ya tano na wa siku ya hamsini. Alijua pia kimya cha namna mbili, kimya cha mvinyo uliokamilika na kimya cha mvinyo uliolala kwa baridi. Uliolala ukiuonja bado ni mtamu, sukari imo, na dawa yake ni kuuacha mpaka joto lirudi, hata kama ni miezi minne.

Tarehe 9 Februari mwaka huu alipimwa kwa maumivu ya mgongo yaliyomkosesha usingizi, na tarehe 16 daktari alituita chumbani kwake. Ilikuwa saratani ya kongosho. Daktari, kijana mstaarabu mwenye kalamu tatu mfukoni, alisema kwa hatua ile hakuna cha kukata. Fundi viatu alitazama miguu yake. Fundi umeme aliuliza maswali tisa, na jibu kwa yote tisa lilikuwa lile lile. “Basi tungoje,” dada akasema. Daktari alidhani hajaelewa, akaanza kueleza upya tangu mwanzo.

Zabibu zilifika tarehe 25 Machi. Mwaka huu zilitosha pipa moja tu. Aliketi kwenye kiti cha plastiki akiwa amejifunika shali, akielekeza kwa kidole, huku mume wake na mdogo wake wakikanyaga suruali zimekunjwa magotini. Tarehe 6 Aprili tulikamua, tukajaza pipa. Tarehe 11 alilazwa, na hakurudi tena nyumbani. Kabla ya kupanda gari alimkabidhi mdogo wake ufunguo wa stoo.

“Pipa likipungua, jaza kutoka kwenye dumu. Tundu lifute kwa kitambaa safi. Kingine usiguse.”

“Na likiharibika?”

“Usiguse.”

“Na nikiona kabisa kwamba linaharibika?”

“Mdogo wangu, wewe umezoea taa. Imezimika, unafungua, unaunga, inawaka. Huu si taa. Kila saa nne asubuhi nipigie, weka simu kwenye tundu, nisikie. Nataka nisikie ukimaliza.”

Hilo ndilo alilolitaka. Hakuomba apelekwe hospitali nyingine wala hakuomba kuombewa zaidi ya alivyokuwa anaombewa. Alitaka kusikia pipa lake la mwisho likifika kwenye kimya kile cha kwanza, cha mvinyo uliokamilika. Basi kila saa nne mdogo wake alipiga simu, shemeji yake akaishika sikioni mwa mgonjwa, na mgonjwa akasikiliza dakika mbili tatu. Wakati mwingine alisema “vizuri,” wakati mwingine hakuwa na nguvu ya kusema. Tarehe 24 Mei mdogo wake aliurekodi mlio ule kwenye simu ya mkewe, awe nao kama kumbukumbu.

Wiki hiyo hiyo baridi ikaingia. Tarehe 28 pipa likanyamaza. Mdogo wake aliingiza kijiti, akaonja, na ulikuwa mtamu. Alijua maana yake: umelala, utaamka joto likirudi Septemba. Na siku mbili kabla, daktari alikuwa amesema tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Siku hiyo alimpigia dada yake akamwambia mtandao unasumbua. Kesho yake akasema simu haina chaji, yeye fundi umeme.

Hapa msomaji anaomba radhi, maana haya hayasomwi katika wasifu. Lakini wengi mmekuwa mkiuliza kwa upendo kama tutaonja mvinyo wa mwisho wa Bi Ngoja baada ya mazishi, na hawezi kuwajibu nusu nusu.

Jumanne tarehe 30 Mei, mdogo wake alilizungushia pipa waya wa joto, ule unaofungwa kwenye mabomba yasigande, akalifunika mablanketi mawili, akafunga swichi ya kuzima yenyewe joto likifika nyuzi ishirini na tano. Alitaka tu kuuamsha. Alitaka dada yake asikie. Lakini kipima joto alikifunga kwenye mbao za upande wa mlango, unakopita upepo, kosa ambalo angemtukania mwanafunzi wa mwezi mmoja. Upande ule ulibaki baridi, na swichi haikuzima ng'o. Saa sita mchana akaitwa hospitali, dada amezidiwa. Akakaa naye usiku mbili. Jumatano dada alifumbua macho akamwambia, “Nenda kaangalie pipa.” Akamjibu, “Lipo salama, dada, pumzika.” Alhamisi alipofungua stoo, harufu ya jamu iliyoungua ilimpokea mlangoni. Mvinyo ulikuwa nyuzi arobaini na saba. Chachu yote ilikuwa imekufa. Aling'oa waya, akafungua mlango, akapepea kwa blanketi kama mwendawazimu, na hakuna lililobadilika. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akalia, mtu mwenye wajukuu.

Saa nne simu ikaita. Ilikuwa namba ya shemeji yake, na nyuma ya shemeji ilisikika pumzi ya dada. Mdogo mtu akachukua simu ya mkewe, akaubonyeza ule mlio wa tarehe 24 Mei, akaiweka karibu na simu yake. Dada akasikiliza. “Vizuri,” akasema.

Akafanya hivyo siku kumi na tisa. Angeweza kufanya akiwa nyumbani, hata akiwa juu ya ngazi kwa mteja, lakini kila asubuhi alikwenda stoo, akafungua mlango, akaketi kando ya pipa lililokufa na simu mbili mikononi. Hakuwa na ujasiri wa kusema wala wa kuacha. Hospitali nako mambo yalikuwa yale yale. Dawa ya maumivu iliongezwa, chakula kikakoma, binti akawa anamlowesha midomo kwa pamba, daktari akawa anasimama mlangoni bila kuingia. Sote tulikuwa tumeshika tama. Tungempa figo, tungempa damu, tungempa miaka yetu, lakini hapakuwa na aliyeviomba.

Bi Ngoja alifariki dunia Jumatatu tarehe 19 Juni 2023, saa tano kasoro robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mume wake na binti yake wakiwa wamemshika mikono.

Jana Ijumaa, mdogo wake na shemeji yake walikaa jikoni kuandika wasifu huu. Walipofika kwenye ugonjwa, mdogo mtu aliweka kalamu chini, akamweleza shemeji yake yote, waya, nyuzi arobaini na saba, na mlio wa kwenye simu. Alitegemea kupigwa, na angeshukuru. Fundi viatu alikunja kona ya karatasi, akaikunjua.

“Alijua,” akasema.

“Alijua nini, shemeji?”

“Kwenye ule mlio wako mna mtu wa gereji. Anapiga kelele, ‘Lete spana ya kumi na tatu, hii siyo.’ Wewe hukumsikia?”

Hakuwa amemsikia. Siku zote hizo alikuwa akisikiliza mapovu.

“Siku ya kwanza alisema ‘vizuri’ tu. Siku ya pili akaniambia, ‘Hawa jamaa wanatafuta spana ile ile tangu jana.’ Akacheka, mpaka nesi akaja. Halafu akalia kidogo. Akasema mdogo wake kaliharibu pipa.”

“Sasa mbona hakuniambia?”

“Nilitaka nikwambie mimi. Akanikataza. Akasema, ‘Mwache. Hana kingine cha kunipa.’”

Mdogo wake aliuliza kama aliendelea kusikiliza kwa kumwonea huruma tu. Shemeji yake hasemi asilolijua. Akasema hajui. Anachojua ni kwamba kila asubuhi saa nne ikikaribia, mgonjwa alikuwa akigeuza shingo kuelekea upande wa simu, na kwamba Jumatatu ile, akiwa hana tena sauti, alinong'ona, “Piga, tusikie kama wameipata.” Simu ikapigwa. Mdogo wake, kule stoo, akaubonyeza mlio. Uliisha, na dakika arobaini baadaye naye akawa amemaliza.

Mvinyo huo ulimwagwa juzi Alhamisi. Hautaonjwa.

Marehemu ameacha mume, fundi viatu, binti mmoja na mkwe, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja, aliyeambiwa asiguse, akagusa. Samahani hii aliiandaa kwa siku kumi na tisa, kila saa nne asubuhi, akaogopa kuisema wakati mwenyewe yuko upande wa pili wa simu akiingoja. Anaisema leo mbele yenu: dada, nisamehe.

Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani, na maumivu ya mgongo yasimfuate huko.